Komeo Alilokuja Nalo Mama

Nililitoa komeo la mlango wa mama Jumamosi asubuhi, yeye akiwa amekwenda kwenye sala ya jumuiya kwa jirani. Sikulitoa kwa hasira. Mdogo wangu alikuwa amepiga simu kutoka Dar es Salaam akasema, "Kaka, hilo gogo litamuua mama. Litoe," nami nikajibu, "Sawa." Hilo ndilo neno ambalo leo natamani nisingelisema. Ningeweza kumkatalia, tena kwa kicheko tu, maana yeye ni mdogo wangu na nyumba ilikuwa yangu. Badala yake nilichukua bisibisi.

Wakati huo mama alikuwa ameishi kwangu Kihonda, Morogoro mjini, kwa muda usiofika mwaka. Alikuwa ameteremka mlimani kwa hiari yake, jambo ambalo hakuna katika familia aliyelitarajia, na alikuwa amesema kwa kinywa chake kwamba atakaa nasi mpaka Mungu atakapomwita. Kukaa kwake kulitegemea kile kipande cha mti. Mimi sikulielewa hilo, na siwezi kusema kwamba hakuna aliyenifundisha, kwa sababu nililelewa ndani ya mlango uliofungwa kwa komeo hilo hilo.

Kwetu ni juu ya Mkuyuni, mahali ambapo ukiacha barabara ya Matombo unapanda kwa miguu katikati ya migomba na minazi michache mpaka hewa ibadilike. Ardhi ile ni ya ukoo wa mama yangu. Baba alitoka kijiji kingine, akaoa, akajenga kwenye ardhi ya wakweze kama wanaume wa kwetu wanavyofanya. Alikata miti, akakandika udongo, baadaye akafyatua matofali. Lakini nyumba ilikuwa ya mama, na hakuna aliyehitaji kulitamka hilo. Mjomba wake mama ndiye aliyechonga komeo siku alipoolewa. Lilikuwa la mti mgumu ambao sikuwahi kuuliza jina lake, nene kama mkono wa mtu mzima, limeng'aa katikati kama mpini wa jembe la zamani. Lililala kwenye vishikio viwili vya mbao, kimoja kila upande wa fremu.

Jioni, vyombo vikishaoshwa, mama alilitia. Asubuhi alilitoa. Hakuna mwingine aliyeligusa. Nikiwa mdogo, siku moja niliamka kabla yake nikataka kuonyesha kwamba nimekua. Nililinyanyua, likanishinda, likadondoka sakafuni kwa kishindo. Mama akatoka chumbani akifunga kanga.

"Wewe mzee," akaniambia, "nyumba hii umeijenga lini?"

"Nilitaka kukusaidia."

"Nisaidie kuchota maji. Mlango huu nafunga mimi. Siku ukiwa na wa kwako, mkeo atafunga."

Hata mjomba wangu, ambaye watu walimwogopa kwenye mambo ya ukoo, alipolala kwetu alisubiri mama aamke ndipo atoke. Mchana tulipokwenda shamba wote, komeo halikuwa na kazi, kwa kuwa haliwezi kutiwa bila mtu kuwemo ndani. Mama alifunga mlango kwa kamba ya mgomba tu, na mtu yeyote angeweza kuifungua. Hakuna aliyeifungua. Kwa hiyo nilijua mapema sana kwamba komeo lile halikuwekwa kwa ajili ya wezi. Nasema nilijua. Nilikuja kusahau nilipoanza kuuza vitasa.

Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea. Niliajiriwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Morogoro, na baada ya miaka mingi nikafungua kaduka kangu mwenyewe. Nimeuza bawaba, kufuli, vitasa vya kila namna. Wateja wangu wote walizungumza habari moja: "Mzee, nipe kitu ambacho mwizi akikiona anarudi kwao." Ukisikia maneno hayo kila siku unajifunza kuutazama mlango kwa macho ya mtu aliye nje. Aliye ndani unamsahau.

Baba alifariki, kisha dada yangu ambaye ndiye aliyekuwa akiishi jirani na mama. Mama akabaki peke yake mlimani. Tulimsihi ashuke, akakataa. "Kwa mkwe naenda kusalimia," alisema, "siendi kuishi." Nyumba yangu ya mjini, kwa hesabu za kwetu ambako mtoto hufuata ukoo wa mama yake, ilikuwa ya mke wangu na watoto wake, na wao ni ukoo mwingine. Mama hakuona aibu wala uchungu kusema hivyo. Alilitaja kama mtu anayetaja kwamba mto unaelekea chini.

Aliyemshinda ni mke wangu. Mwaka mmoja masika yalikata njia ya kwao, goti la mama likaanza kuvimba, na mke wangu akapanda mwenyewe mpaka kule. Sijui walizungumza nini. Waliporudi, mama alishuka kwenye gari na gunia la magimbi, kuku mmoja, na kitu kirefu kilichofungwa kwenye kanga.

"Mama," nikasema, "huo ni mguu wa kitanda?"

"Ni komeo langu."

Mke wangu akaanza kucheka. "Nilimwambia milango tunayo."

"Mlango mtanipa ninyi, mwanangu," mama akamjibu. "Cha kuufungia nimekuja nacho."

Tukamwita fundi. Kijana wa watu alilitazama lile gogo, akautazama mlango wa chumba, mbao laini za kisasa, akatikisa kichwa.

"Bibi, siku hizi kuna makomeo ya chuma. Unasukuma kwa kidole tu."

"Kidole ninacho, mjukuu wangu. Mkono pia ninao. Toboa."

Akatoboa. Akachonga vishikio viwili vipya, akavikaza kwa skrubu nilizotoa dukani kwangu. Jioni ile mama alituaga, akaingia chumbani, na sisi tuliokuwa sebuleni tukasikia mti ukikaa mahali pake. Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Alisimama kidogo.

"Sasa amehamia," akasema.

Alihamia kweli. Kuanzia kesho yake nyumba yangu ilikuwa na wanawake wawili wenye nyumba, na sikuwahi kusikia wakigombania jambo zaidi ya chumvi. Mama alionja vyungu bila kuomba ruhusa. Alipanda magimbi pale maji ya bomba yanapomwagikia. Aliwafukuza mbuzi wa jirani kwa matusi ya kwao mlimani, ambayo jirani, kwa bahati nzuri, hakuyaelewa. Aliigombeza redio yangu. Asubuhi tulikaa wawili barazani tukinywa chai yenye mdalasini aliouleta mwenyewe, milima yote mbele yetu, naye akiniambia wingu lile linanyesha wapi. "Kwetu hakuonekani kutoka huku," aliniambia mara nyingi. "Kuko nyuma ya mgongo ule. Lakini ukiona panazibika pale, ujue watu wetu wanaanua pilipili."

Na chumba chake kilikuwa nyumba ndani ya nyumba yangu. Ukitaka kuingia ulipiga hodi, hata mimi. Akikukaribisha hutoki mikono mitupu: atakupa karanga, au kipande cha gimbi lililochemshwa, au ndizi iliyoiva kupita kiasi. Mjukuu wetu wa kike, aliyekuwa akisoma sekondari, alikuwa akipiga hodi hata kama hana shida yoyote. Nimekula chumbani mwa mama vitu vingi ambavyo nilivinunua mimi mwenyewe, na vilikuwa vitamu kuliko vilivyokuwa mezani. Namshukuru Mungu kwa miezi ile. Watu wengi hawakupewa hata wiki.

Kisha ikaja ile asubuhi. Jua lilikwishatoka na mlango wake ulikuwa bado umefungwa. Nikagonga.

"Mama?"

"Nipo."

"Mbona hujatoka?"

"Nipo chini."

"Chini wapi?"

"Chini, baba. Kwani humu kuna chini ngapi?"

Mke wangu alikuja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga. Nilisukuma mlango kwa bega, ukagoma. Nikasema navunja.

"Usiuguse mlango wangu," mama akasema kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na kondakta. "Nimeteleza, sijafa. Nakuja."

Tulimsikia akijiburuta. Mke wangu aliweka kiganja juu ya mbao akawa anamwambia polepole, mama, polepole, na mama alikuwa akimjibu, mimi huyo, mimi huyo. Ilichukua muda mrefu kiasi cha kunifanya niuchukie ule mti. Hatimaye ukanyanyuka na mlango ukafunguka, mama kaketi sakafuni, komeo mapajani, anahema.

"Mmekunywa chai?" akauliza.

Hospitali hawakuona mfupa uliovunjika. Nyonga ilikuwa imevimba tu. Daktari alisema, kwa upole na kwa haki, kwamba mzee wa umri ule si vizuri ajifungie ndani mahali ambapo watu hawawezi kumfikia. Nilimweleza mdogo wangu maneno hayo kwa simu, na nadhani niliyatia chumvi. Ndipo aliponiambia nilitoe.

Mke wangu alinisikia nikisema "Sawa." Aliningoja nikate simu.

"Kamuulize mwenyewe," akasema.

"Nikimuuliza atakataa."

"Basi jibu si umeshalipata?"

Nilimwambia kwamba si yeye atakayelaumiwa na ukoo mama akifia nyuma ya mlango. Lilikuwa neno baya, na lilimnyamazisha kwa sababu lilikuwa na ukweli kidogo ndani yake. Ni mimi ambaye ningelaumiwa. Nilipotazama vizuri baadaye, nikaona kwamba lawama hiyo ndiyo niliyokuwa naiogopa asubuhi ile, kuliko hata kifo cha mama.

Jumamosi niliitumia vizuri. Nilifungua skrubu, nikaondoa vishikio, nikaziba matundu kwa puti, nikapiga msasa, nikapaka rangi inayolingana. Nilikuwa mtu wa vifaa vya ujenzi, sikutaka kuacha kovu. Komeo nililisimamisha stoo nyuma ya madebe ya rangi. Nilipomaliza nilirudi nyuma nikautazama mlango, na nakumbuka kwamba nilijisikia vizuri.

Mama alirudi kutoka jumuiya akiwa na furaha, wameimba sana. Alipofika mlangoni kwake alisimama. Alipitisha vidole pale palipokuwa na vishikio, upande mmoja, kisha mwingine.

"Umepaka vizuri," akasema. Akaingia.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumweleza, ya daktari na ya mdogo wangu. Hakuniuliza, kwa hiyo sikuyatoa. Jioni aliusogeza mlango, ukarudi wenyewe kidogo kwa sababu fremu haikuwa imenyooka, akauzuia kwa ndala zake.

Kesho yake alitoka akiwa amevaa kabisa, kilemba kichwani, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango wa sebule. Kiti kile wanakaa watu waliokuja kusalimia. "Hamjambo wenyewe," akasema. "Nimelala salama." Mke wangu alipoinjika chungu, mama hakwenda jikoni. Aliuliza, "Mama, nioge saa ngapi nisije nikawazuia?" Tulipomaliza kula alikunja mikono akasema, "Asanteni kwa ukarimu wenu."

Niliona ni adabu za uzee. Nilimpigia hata mdogo wangu nikamwambia, "Mama ametulia kabisa siku hizi."

"Hajatulia," mke wangu akasema nilipokata simu. "Anakaa kama mgeni. Hukumsikia anavyoshukuru? Mtu anashukuru vile akiwa kwake?"

Magimbi yakaanza kumezwa na magugu pale kwenye maji ya bomba. Chai ya asubuhi alikunywa nasi wote mezani, akisubiri aitwe. Ukipiga hodi chumbani kwake alisema, "Ingieni tu, ni kwenu," wala hakukupa kitu. Mjukuu wetu alitoka humo siku moja, akamuuliza bibi yake mzaa baba, yaani mke wangu, kama Bibi wa mlimani amemkasirikia.

Hapo nilijitahidi kurekebisha kwa njia niliyoijua. Nilileta kutoka dukani kitasa kizuri cha bafuni, kile ambacho aliye ndani anafunga kwa kuzungusha, na ikitokea tatizo aliye nje anafungua kwa sarafu. Nilimwonyesha kama ninavyomwonyesha mteja.

"Nikifunga," akauliza, "wewe ukiwa nje unafungua?"

"Ndiyo mama. Ikitokea shida."

"Na isipotokea?"

"Sifungui."

Alikizungusha mara mbili tatu, akanirudishia. "Kwa hiyo ninafunga ukipenda wewe. Kirudishe dukani, baba, ni kizuri, utapata mteja."

Ningeweza kwenda stoo saa ile ile. Komeo lilikuwepo, skrubu zilikuwepo. Lakini nilikuwa nimeshawaambia ndugu zangu kwamba nimeliondoa, na wamenisifu, mkubwa wetu anajali. Sikutaka kuwapigia tena na kusema kwamba mkubwa wenu amekosea. Kwa hiyo nilisubiri, nikijiambia kwamba atazoea.

Asubuhi moja, baada ya chai, mama alinigeukia akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mtanisindikiza lini?"

Hilo ni swali la mgeni. Mwenye kukaa hasindikizwi. Niliinuka nikaenda stoo, nikamwaga debe zima la rangi nyeupe kwa haraka, nikarudi na komeo mkono mmoja na bisibisi mkono mwingine, viatu vimejaa rangi.

"Narudisha, mama. Sasa hivi. Nikae hata mpaka jioni, nitavirudisha vyote."

"Usitoboe tena," akasema. "Mlango wa watu huo, umeshapakwa." Alinyoosha mikono nikampa komeo. Alilifuta vumbi kwa upindo wa kanga. "Sijakasirika, mwanangu. Mmenilisha, mmenitibu, mkeo ni binti yangu. Mungu awabariki. Sasa naenda kwangu."

Mke wangu alilia mbele yake bila kujificha. Mama akambembeleza, akamwambia kwamba njia anaijua, aje. Mimi sikulia. Nilikwenda kufuta rangi stoo.

Mwaka ule binti wa marehemu dada yangu alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam kulima pilipili manga kwenye shamba la ukoo. Ni mpwa wangu, na ile ardhi ni yake kuliko inavyoweza kuwa yangu. Nilimpigia, akasema mara moja, "Mjomba, mlete bibi. Nitahamia kwake." Tulipomfikisha, nilimvuta pembeni, huku mama akiwa ndani akipima komeo kwenye vishikio vyake vya zamani.

"Nakuomba kitu kimoja. Usimwache ajifungie. Ataanguka tena."

Mpwa wangu alinitazama kama mtu anayedhani ametaniwa.

"Mjomba, si nitakuwa ndani naye? Akifunga, tumefunga wote."

Nyumbani kwangu kulikuwa na magodoro. Kulikuwa na mjukuu wa kike aliyekuwa akitafuta sababu yoyote ya kuwa chumbani kwa bibi yake. Katika maneno yote niliyosema na mdogo wangu, na daktari, na mke wangu, na nafsi yangu, halikunijia hata mara moja wazo la kumwacha mama na komeo lake na kumwongezea mtu upande wa ndani. Nilifikiria namna ya kumfikia kutoka nje tu.

Nilikwenda kumtembelea baada ya mavuno. Nilipanda pikipiki kutoka Mkuyuni mpaka mwisho wa njia, kisha nikapanda kwa miguu nikipumzika kila kona. Nilipiga hodi. Mama alikuja mwenyewe, fimbo mkononi, nyonga imepona kiasi chake.

"Karibu mgeni!" akasema, na macho yake yalikuwa yanacheka. "Umekuja na nini?"

"Sukari na sabuni."

"Na majani ya chai?"

"Nimesahau."

"Mgeni gani huyu? Ingia hivyo hivyo."

Mpwa wangu alikuwa anasonga ugali. "Shikamoo mjomba. Usimsikilize, tangu asubuhi anachungulia njia." Wale wawili walinipa kiti kizuri, wakanipikia kuku ambaye nilijua ni wa mwisho. Mama alikuwa amerudi kuonja vyungu. Alikuwa amerudi kutukana mbuzi. Giza lilipoanza kuingia alilitia komeo, akalisukuma kwa kiganja kuhakikisha, akapita mbele yangu akigusa bega langu. Nililala usingizi ambao sijaupata tangu nilipokuwa mtoto wa nyumba ile.

Alfajiri nilibanwa na haja. Mlango ule pale, komeo lile pale, mimi mzee mwenye wajukuu, nikabaki kitandani nikikumbuka jinsi baba yangu, mtu wa kubeba magogo, alivyokuwa akikohoa kikohozi cha uongo mpaka mama aamke. Nikakohoa.

"Kama baba yake," mama akasema gizani kwa mpwa wangu. "Hawa wanaume hawana sauti nyingine?" Wakacheka wote wawili, na mama akaamka kunifungulia.

Nashukuru sana kwa safari ile na nyingine chache zilizofuata. Nashukuru kwamba hakunifungia mlango wake hata mara moja, na kwamba hakunikumbusha. Kadiri miaka ilivyokwenda, miguu yangu ndiyo ilikataa kile kilima. Sukari ilinipata, vidole vya miguu vikafa ganzi, na mke wangu akawa anapanda peke yake huku mimi nikiongea na mama kwa simu. Mpwa wangu alimshikia simu sikioni. Mama hakuamini kwamba simu inasikia, kwa hiyo alipiga kelele, nami nikapiga kelele, na hatukuambiana mengi zaidi ya hali ya hewa.

Alifariki asubuhi moja ya kiangazi, mpwa wangu akiwa kitandani pembeni yake. Aliniambia kwamba mama aliomba maji, akanywa kidogo, akamshika mkono, akauliza kama kumekucha. Kisha basi. Mpwa wangu alikaa naye mpaka mkono ulipopoa, ndipo akafungua mlango akawaita majirani. Kwa hilo nitamshukuru maisha yangu yote, na nimemwambia, mbele ya watu, siku ya kumaliza matanga.

Mimi nilifika mchana, nimepandishwa na vijana wanne kwa machela kama mgonjwa. Mdogo wangu alifika baada yangu. Tulikaa kwenye mkeka mmoja nje ya nyumba ya mama.

"Kaka, tulikosea," akasema.

"Wewe ulisema tu. Aliyeshika bisibisi ni mimi."

Tulikaa tukisikiliza wanawake wakiimba nyimbo za jumuiya ndani, na mke wangu sauti yake ilikuwa juu ya zote.

Watu huniambia nisijilaumu, kwamba mama aliishi miaka mingi na akafia kwake, na ndivyo kila mtu wa kwetu anavyotaka kufa. Ni kweli, na kwa upande wake nafurahi. Kwa upande wangu hesabu ni nyingine. Mama alikuwa amekubali kuishi nyumbani kwangu mpaka mwisho. Kwa sababu nilisema "Sawa", miaka yake ya mwisho aliishi na mtu mwingine, mahali ambapo miguu yangu haikuweza kufika, na alipokuwa anakufa aliushika mkono ambao haukuwa wangu.